Nilimuuza Ng'ombe kwa Kuzaa Madume

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nyumba yangu imepoa na aliyeipoza ni mimi mwenyewe, nafuga ng'ombe wa maziwa na mfugaji wa maziwa siku zote anaomba ndama jike, sasa yule ng'ombe ambaye mke wangu alimlea kwa chupa alizaa dume, akarudia dume, na safari hii dume tena, nikapandwa na hasira nikamuuza kwa mchinjaji mke wangu akiwa sokoni, fahali wangu nikambakiza kwa sababu ana mwili mzuri. Daktari wa mifugo alipokuja nikamsimulia kwa kujisifu, akacheka akasema, "Bwana, umemchinjisha asiye na hatia. Jike ana kromosomu X mbili, kwa hiyo yai lake hubeba X tu. Fahali ana X na Y. Mbegu yake ikileta Y, unapata dume. Ikileta X, unapata jike. Hata sisi watu ni hivyo hivyo." Mke wangu alikuwa anaosha ndoo pale pale, akainua kichwa akasema, "Kumbe. Yule umemchinjisha kwa kuzaa madume, na mimi umenisema miaka yote mbele ya mama yako kwa kuzaa wasichana." Hakupiga kelele, alimaliza ndoo, akawachukua binti zetu akaenda kwa dada yake, na simu hapokei. Najuta, mshauri, najuta mno. Nimwambie nini arudi?

Mfugaji

Mfugaji, pole, ingawa pole kubwa naiweka kwa mkeo. Habari ya kurudi iache kwanza.

Daktari amekueleza vizuri, ila usije ukaanza sasa kumsema fahali. Hachagui mbegu ipi ilifikie yai, na wewe pia hukuchagua. Kila mimba ni bahati tu. Hapakuwa na mkosaji, wewe ukamtafuta, na kila mara ukamkuta jike. Na binti zako walisikia yote, au ulidhani masikio yao yalikuwa malishoni?

Kesho nenda kwa shemeji yako, na mama yako umchukue. Mbele yake ulimsema mkeo, mbele yake umwombe radhi. Usisingizie hasira, wala usiahidi ng'ombe mwingine kana kwamba yule alikuwa ndoo iliyotoboka. Kisha waite binti zako uwaambie kwamba tangu alipozaliwa wa kwanza hujapungukiwa na kitu. Kama huwezi kulisema hilo ukalimaanisha, usiende. Waache wakae kwa watu wanaofurahi kuwaona.