Kocha Aliyerefuka Alfajiri

Jumatatu, 4 Februari 2013. Lodwar

"Mgongo unaouma ni mgongo mvivu. Dawa yake ni sit-ups." Maneno ya Etabo, kocha wa voliboli ya wasichana kule Kakuma, mbele ya wazazi. Wakampigia makofi! Upuuzi, huko kulala chali na kujikunja kuketi, tena na tena. Uti wa mgongo si bawaba, eti ukikunjwa sana unalainika. Ni kama waya: ukunje palepale kila siku, mwisho unakatika. Kazi ya misuli ya tumbo na kiuno ni kuushika utulie, ili nguvu ya miguu iufikie mkono unaopiga mpira. Nimemweleza kwa simu. Akasema nije na vitabu vyangu, yeye ana vikombe.

Nitakwenda. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya Akuch, mpigaji wake bora, aliyeletwa wiki jana akichechemea kwenye kliniki yangu ya tiba ya viungo. Mchujo wa timu ya wilaya ni Jumamosi jioni. Shule moja ya Kitale itawachukua watakaochaguliwa, na Akuch hana njia nyingine ya kuendelea na masomo.

Jumatano, 6 Februari. Kakuma

Vumbi. Magari ya kampeni hayanyamazi. Etabo huwaamsha wasichana gizani kabla jua halijawa kali — hapo namwelewa, saa tatu hapa ni tanuri. Lakini kutoka mkekani moja kwa moja hadi sit-ups, mwenzako amekukalia miguu! Usiku diski, vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, hunywa maji, huvimba. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya kuliko zote kwa kukunja mgongo.

Hakuamini. Jioni nikamsimamisha ukutani, nikachora mstari wa mkaa juu ya kichwa chake. Akauliza kama napima jeneza lake.

Alhamisi, 7 Februari

Alfajiri nikampima tena. Kichwa kimeupita mstari! Wasichana wakashangilia. Nikaeleza: hayo ndiyo maji, mgongo umejaa, usiukunje. Nikajiona nimeshinda.

Etabo akaugusa mstari kwa kidole.

"Kumbe asubuhi sisi ni warefu," akasema taratibu. "Na mimi nilipanga mchujo jioni, watu wakiwa wafupi."

Ameuhamisha. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Sit-ups kwanza, kama kawaida. Kwa ushahidi wangu mwenyewe!

Ijumaa, 8 Februari

Nimebishana naye hadi sauti imekauka. Wateuzi wa timu ya wilaya wameshaambiwa, anasema.

Nikamchukua Akuch nyuma ya bweni la timu, nikamfundisha mazoezi yasiyokunja mgongo. Kulala ubavu, kujiinua kwa kiwiko, mwili umenyooka. Kisha magoti na viganja chini, mkono mmoja mbele, mguu wa upande wa pili nyuma, kiuno kisitikisike. Anatulia kuliko mimi. Nikamwambia kesho akatae sit-ups. Akachora mchangani kwa kidole.

"Mama, nikikataa, ananitoa. Nikikubali, mguu hii inalala."

Inalala. Yaani mguu unakufa ganzi. Huo si uvivu, ni neva inayobanwa!

Jumamosi, 9 Februari

Naandika nikiwa juu ya jiwe, pembeni mwa uwanja. Wametoka mikekani sasa hivi, macho bado mazito. Nimemwomba Etabo aanze na mpira. Hapana. Nikasema basi nitalala mimi mahali pa Akuch. Akasema, "Madam, wewe utapimwa na wazee wenzako." Wateuzi wakacheka. Hata mimi ningecheka, siku nyingine.

Wa kwanza amemaliza. Wa pili. Sasa ni Akuch. Ameketi mchangani, mwenzake keshamkalia miguu. Hajalala chali bado. Ananitazama mimi, hamtazami kocha.

Ninyi watatu mlio kwenye viti vya plastiki, nawe Etabo mwenye filimbi: mpeni mpira. Hamkuja kutazama tumbo. Mwacheni asimame, aruke, apige, ndipo mwamue. Naweka kalamu chini, nakuja kuwaambia hayo usoni. Mpeni mpira —