Matakwa Tuliyoandikiwa

Kwa Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji na watoto, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama wodini kutwa umeanza kukupa nafuu. Sisi huku miili yetu haina neno. Mama anakula, anatembea, na bado anagombana na kuku wa jirani. Mwenye shida ni mimi, na shida yenyewe ni hasira. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningepayuka, nawe ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unakumbuka nilikueleza kwamba idara yetu ya mipango ilipewa kazi ya kuandaa mpango wa wilaya wa miaka ishirini. Agizo lilikuwa kwamba wananchi waulizwe kwanza wanataka kipi kitangulie, ndipo wataalamu wachore. Mimi karani nikapewa gari, dereva aliyekuwa pia akipiga picha, na makopo matano ya rangi yaliyooshwa. Kila kopo nililibandika picha: bomba, kitanda cha zahanati, barabara, darasa, na taa ya umeme. Kila mtu mzima alipewa vifuniko vitatu vya soda avitumbukize anapotaka, kisha aje mezani kwangu aeleze sababu, nami niiandike kwenye fomu. Dada, niliipenda kazi ile. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kuona mtu akitoka ofisini kwenda kumuuliza mkulima jambo lolote.

Kwenye kata ya tatu alikuja fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, sindano mbili amezichomeka kwenye ukosi wa gauni. Vifuniko vyake vyote alivitia kwenye kopo la bomba. Alinieleza kwamba zahanati yao ina kitanda cha kujifungulia, ina mkunga, ina hata pazia alilolishona yeye mwenyewe bila malipo, ila bomba limekauka mwaka wa nne sasa. Mwanamke akishikwa na uchungu, ndugu hugawana kazi: mmoja amshike mkono, mwingine ajitwike ndoo, kwa sababu aliyekuja bila maji haoshwi, wala mtoto wake haoshwi. Binti yake aliteleza na uchungu wake njiani, aliyebeba ndoo akaiacha ili amdake, na mtoto akazaliwa akafutwa kwa kanga kavu. Hakulia aliponieleza. Alisubiri nimalize kuandika, akaniambia niandike tena kwa herufi kubwa.

Nikaandika. Na siku ya kufungua makopo, bomba liliongoza, zahanati ikafuata, barabara za mashambani zikaja nyuma yake. Nikafunga taarifa, nikaipeleka kwa mkuu wa idara, yule tunayemwita Bwana Ramani kwa jinsi anavyopenda kuning'iniza michoro ukutani.

Baada ya miezi mitano kitabu kikatoka, kizito, kinang'aa, kinanukia wino. Nikakifungua pale pale kwenye ngazi za ofisi. Ukurasa wenye kichwa “Vipaumbele vya Wananchi” ulisema wananchi wa wilaya hii wanataka, kwanza, ukumbi wa kisasa wa mikutano; pili, taa za barabarani na bustani mbele ya ofisi za wilaya; tatu, uwanja wa maonyesho. Maji ya zahanati yalikuwa mwishoni kabisa, “kwa awamu, kuanzia mwaka wa kumi na sita”. Na katikati ya ukurasa, Dada, palikuwa na picha ya yule fundi cherehani, mdomo wazi, mkono juu, akinieleza habari za binti yake. Chini yake wameandika: “Mkazi akiunga mkono ujenzi wa ukumbi.”

Sijui nilipandaje ngazi zile. Bwana Ramani hakushtuka kuniona. Alinikaribisha kiti, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba wananchi hawajui wanachotaka mpaka waonyeshwe, kwamba mabomba huzikwa ardhini yasionekane, na kwamba hakuna mgeni rasmi anayesafiri kuja kukata utepe wa kitu kilichofukiwa. Nikamwuliza je, picha ya yule mama? Akasema picha ni picha. Nikamwambia nitasema. Hapo akavuta saraka ya meza yake, akatoa bunda la karatasi, akaniwekea mbele. Zilikuwa karatasi gani, nitakueleza. Nikikueleza sasa, hutasoma yaliyobaki kwa jicho lile lile. Nilitoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye ukaitishwa mkutano wa kukipitisha kitabu, kwenye bwalo la shule ya sekondari. Madiwani walikaa mbele kwenye viti vya kuegemea, wananchi kwenye mabenchi. Mama naye alikuja, amevaa viatu vyake vya kufungwa, akakaa benchi la tatu. Alijivuna. Nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba kitabu kile mwanawe ana mkono wake ndani.

Kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua mkutano, fundi cherehani akasimama na kitabu kifuani. Hakupaza sauti. Aliuliza nani aliyemtia maneno kinywani, kwa sababu yeye katika maisha yake hajawahi kuota ukumbi, ameota maji. Watu wakaanza kunung'unika. Bwana Ramani akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema idara huandika kile inacholetewa kutoka vijijini, na aliyekwenda vijijini ni karani, na karani yupo humu ndani, aulizwe. Bwalo zima likanigeukia. Mama pia.

Sasa nakueleza zile karatasi, Dada, na ninaomba usome polepole.

Wilaya ina kata sita. Mimi nilifika tano. Ya sita ni ya kwetu, ng'ambo ya mto. Siku tuliyopangiwa kwenda, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mto ukawa umemeza gogo la kuvukia. Dereva akasema turudi siku nyingine. Mimi nikawa na tarehe ya mwisho ya taarifa, na nikajiambia, kwani watu wa ng'ambo siwajui? Si nimezaliwa nao? Tukakaa kwenye kibanda cha chai, nikajaza fomu arobaini na sita kwa mkono wangu mmoja, nikibadilisha kalamu ili zisifanane. Dereva akanipa kidole gumba chake kwa ajili ya zile za wasiojua kusoma. Niliandika kwamba wanataka umeme. Nani asiyetaka umeme? Fomu ya kumi na mbili ni ya bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, mama wa mabinti wawili. Umemjua. Nilimwandikia mama yangu mzazi anachotaka, na sikuwahi kumwuliza, hata Jumapili iliyofuata nilipokwenda kula kwake.

Bwana Ramani alizigundua mapema, akazihifadhi kwa siku kama ile. Alidhani nikisimama nitanyamaza.

Nilisimama. Nikasema, “Majibu ya kata tano ni ya kweli, niliyahesabu mwenyewe na yamebadilishwa ofisini. Wa ng'ambo sikuwauliza. Yao niliyatunga mimi.”

Hakuna aliyepiga makofi, kama ulikuwa unafikiri hivyo. Fundi cherehani akasema, “Kumbe mmetutungia nyote wawili. Mmetofautiana wino tu.” Akaketi. Neno hilo bado linanichoma kuliko barua ya kusimamishwa kazi niliyoipokea Jumatatu yake.

Madiwani walikataa kukipitisha kitabu. Wameagiza watu waulizwe upya kata zote sita, mbele ya mashahidi, na matokeo yabandikwe ukutani siku hiyo hiyo. Hilo ni jema. Lakini Bwana Ramani bado yuko ofisini, gari lile lile, koti lile lile, wanasema anachunguzwa. Mimi niko nyumbani. Usiniambie ninyamaze kwa kuwa na mimi nimekosea. Kosa langu nimelitaja mbele ya watu mia tatu na mama yangu. Yeye lake analiita utaalamu. Nina kosa, na nina hasira, na sioni kwa nini kimoja kifute kingine.

Mama hakusema nami majuma mawili. Nilikuwa nikienda, ananiwekea chakula, anatoka nje. Kisha ikaja siku ya ng'ambo kuulizwa. Nilivuka na wengine kama mkazi, nikakaa nyuma, karibu na mlango wa darasa. Karani mpya ni kijana mwenye haya, anaandika taratibu. Kwenye kopo la umeme viliingia vifuniko vinne tu. Mama aliweka vyote vitatu kwenye darasa. Karani akamwuliza kwa adabu, bibi, una wajukuu shuleni hapa? Akasema hana. Akasema shule ya ng'ambo inaishia darasa la nne, na kila masika watoto wa la tano na kuendelea hukaa nyumbani wiki sita wakiutazama mto. Akasema yeye alikuwa na wawili, akawavusha mgongoni mmoja mmoja, mkubwa kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa na madaftari mengi, maji yakimfika kifuani, na kwamba anataka mwanamke mwingine asifanye hivyo.

Nilikuwa mgongoni kwake, Dada. Wewe na mimi. Katika watu wote duniani, mimi ndiye niliyepaswa kujua jibu lile bila kuuliza, nami nikaandika taa.

Alipomaliza hakuondoka mezani. Alimwambia karani, “Nisomee ulichoandika.” Kijana akasoma. Mama akasahihisha neno moja, akasikiliza tena mpaka mwisho, ndipo akaweka kidole chake. Kisha akapita nilipoketi, akanishika bega ili apate kujiinua kwenye kizingiti, na hakuliachia mpaka tulipofika nyumbani.

Mengine tutazungumza ukija likizo. Nisalimie Shemeji, wabusu watoto, na upumzishe huo mgongo. Mama anakusalimu, amesema nisiongeze neno lolote ambalo hajalisema, kwa hiyo ni salamu tu.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Kidomo