Nyuma ya Migomba

Alhamisi, 13 Machi 2025
Mvua tangu asubuhi. Kakao haikauki. Nilikuwa nakata majani ya migomba nyuma ya nyumba, baba mkwe akatokea njiani. Nikajificha haraka, kama marehemu mama mkwe alivyonifundisha: mke wa mwana hakutani na mkwewe uso kwa uso. Wengi kanisani wameiacha mila hii. Humu nyumbani bado.

Lakini nilichungulia! Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kushoto unaning'inia. Si ule mtetemeko wake wa Parkinson tuliouzoea — hii ni mpya. Akakaa topeni. Baadaye akainuka mwenyewe. Nimenyamaza. Nikisema, watajua nilimtazama.

Jumatano, 11 Juni 2025
Mbeya. Mkwe amepigwa picha ya kichwa hospitalini. Mimi benchi la nje, mgongo nimempa mkwe, mlango wazi. Nilisikia kila neno. Daktari kamweleza mume wangu, Ambwene: Parkinson ipo, lakini pia mishipa midogo ya damu kwenye ubongo imeharibika, kuna na kovu la kiharusi, pale damu ilipokatika. Ndiyo maana siku hizi miguu inagoma hata akimeza dawa. Akauliza kama kuna siku mzee alibadilika ghafla. Ambwene kasema hapana, amezorota polepole. Daktari akasema mtu wa hivyo akiwahishwa siku ileile husaidiwa.

Siku ile ningepiga yowe tu! Yowe halimtazami mtu.

Daktari ametupatia karatasi tujaze tarehe za mabadiliko, turudi nayo Jumatatu, ndipo apange dawa ya kuzuia kiharusi kingine.

Ijumaa, 13 Juni
Ambwene kajaza yote ila mstari mmoja: siku ya badiliko la ghafla. Kaniuliza, mama Kisa, wewe ndiye unayeshinda hapa, hukuona chochote? Nikasema sikuona. Uongo mkavu! Wali umeungua. Nimejidharau.

Jumapili, 15 Juni
Ambwene na Kisa kanisani. Mkwe chumbani kwake, mimi jikoni, kama kawaida. Nikasikia mkongojo umeanguka. Nikatoka — amesimama kizingitini, miguu imeganda, anayumba. Nilishtukia nimeshamshika kiuno. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumgusa. Mwepesi! Sikujua amekuwa mwepesi vile.

Nikamketisha kwenye kigoda changu, jikoni ndiko karibu. Akautazama ukuta, akasema kwa kile kisauti chake cha siku hizi:

"Siku ile ya mvua nilikuona. Ulijificha nyuma ya migomba. Ndaga, mwanangu. Asante. Ulinitunzia heshima."

Ananishukuru! Heri angenitukana. Nililia mbele yake, na hilo nalo mwiko.

Bado yuko hapa, amesinzia. Naandika nimesimama. Karatasi ya daktari iko mezani, mstari ule mtupu. Nimefunua daftari hili nyuma mpaka Machi. Tarehe ninayo.

Pikipiki imeingia uani. Ambwene yuko mlangoni, anauliza nani kamketisha baba jikoni —