Asubuhi Niliyoongeza Kilomita Mbili

Mtaa wa Burgos,
La Paz, Iloilo.
4 Juni, 2023

Mpendwa Dada Adelfa,

Kwanza magoti yako. Kwenye simu unasema tu "nipo, nipo," nami najua yule bibi unayemtunza anakaa ghorofa ya nne na lifti ya jengo haifanyi kazi tangu Pasaka. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Auring safari iliyopita imekusaidia? Unalala? Baridi imekwisha huko Milano, au bado unavaa soksi mbili kitandani?

Sisi huku ni wazima. Joto limetukalisha vibaya mwaka huu. Paka wa Mama analala ndani ya beseni la kufulia, na mchana duka letu la vifaa vya ujenzi halipati mteja hata wa msumari mmoja. Kaka Dodong ameezeka upya banda la kuku. Mwanawe wa mwisho ameota meno mawili ya mbele na sasa anang'ata kila mtu.

Umeniuliza mara mbili habari za mbio zangu, nami nikakujibu neno moja moja. Leo ni Jumapili, sina pa kwenda, na miguu inauma. Nitakueleza yote.

Tuko watatu tangu Januari. Gemma unamkumbuka, yule anayeuza samaki wakavu sokoni, mwenye sauti. Wa tatu ni Mzee Teban, fundi umeme mstaafu wa nyumba ya kona, ana miaka sitini na minne. Tulijiandikisha mbio za Mei, kilomita ishirini na moja. Hakuna aliyewahi kukimbia hata kumi. Mzee Teban alichora ratiba nyuma ya kalenda, kila siku na kilomita zake, akatupa nakala kama mwalimu mkuu. Saa kumi na nusu alfajiri tunakutana mbele ya kanisa, tunashuka hadi njia ya kando ya mto, na kabla jua halijachomoza vizuri tumemaliza.

Januari ilikuwa mateso. Gemma alitapika kwenye daraja la pili. Mimi kigimbi kilikaza nikarudi nyumbani kwa bajaji, na Mama akacheka mpaka akashika meza. Februari tukaanza kuwa watu. Nilivuka kilomita kumi siku moja bila kusimama, na Gemma akawatangazia wauza mboga wote kana kwamba nimejifungua pacha.

Kisha Machi, tarehe kumi na sita, Mama akafariki. Hilo unalijua.

Siku tisa za sala zilipoisha nilirudi barabarani. Baadhi ya majirani walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina nguvu. Sikuwa na kimojawapo. Saa ilifika, miguu ikaingia kwenye viatu. Mzee Teban alinisogezea chupa ya maji. Gemma alinikumbatia mara moja akaniambia, "Ukitaka kulia lia, ukitaka kukimbia kimbia, ila usinipite." Nikampita. Sikulia.

Aprili ndiyo ilikuwa yenyewe. Kufika saa kumi na mbili jua lilikuwa limeshashika, na vyuma vya kando ya mto huwezi kuvigusa. Chupi zilitukata mapajani mpaka tukawa tunajipaka mafuta ya mgando kama tunaotaka kukaangwa. Kucha ya kidole gumba cha Gemma iligeuka nyeusi, ikang'oka, akaiweka kwenye kiberiti na kumwonyesha kila aliyenunua samaki. Nilipata malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Niliyatazama kama miguu ya mtu mwingine.

Sikukosa hata asubuhi moja, Dada. Nilikuwa nakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kukimbia. Mzee Teban alikuwa akitazama saa yake, anatikisa kichwa na kusema, "Umepunguza dakika tatu tena." Nikawa nasema ahsante, kama mtu aliyepewa chenji.

Siku moja tulikwenda hadi Villa, kule pwani, na kurudi, kilomita kumi na sita. Tuliporudi, karibu na wauza samaki wa barabarani, Gemma akamtazama Mzee Teban usoni.

"Mzee, mbona hutoki jasho?"

"Nimelimaliza."

"Acha utani. Kaa chini."

"Nikikaa sitainuka."

"Basi usiinuke, tutakuzika hapahapa! Merlinda, mshike!"

Nikamshika. Ngozi yake ilikuwa imekauka na inaunguza kama bomba lililoachwa juani, na alianza kuniita kwa jina la marehemu mkewe. Gemma alinyakua ndoo ya barafu kwa mama mmoja muuza samaki, magamba na vyote, akammiminia kichwani. Kisha ndoo ya pili. Mzee akatetemeka, akafumbua macho, akasema, "Huyu ni pweza?" Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilijisikia nikicheka, lakini ilikuwa kama mtu anayecheka chumba cha pili.

Daktari alimkataza kukimbia wiki mbili. Akapumzika siku nne.

Mbio zenyewe zilikuwa Jumapili iliyopita. Tuliondoka bado giza, watu mia tano, taa vichwani, muziki wa kupasua masikio. Gemma alikwenda mbele na kundi la wanajeshi aliowakuta hapo hapo, akiwatania. Mimi na Mzee tukaenda pamoja. Nilikuwa na nguvu, ningeweza kumwacha. Kilomita ya kumi na saba misuli ya paja lake ikakaza, akasimama, akashika nguzo ya taa. Usinisifu kwa ninalokuambia. Nilisimama kwa sababu yeye alisimama. Kama angeendelea, ningeendelea.

"Nenda," akaniambia. "Utapata muda mzuri."

"Nitaufanyia nini?"

Akaiachia nguzo. Tukaanza kutembea. Watu wakatupita, kisha hata wale wanene walioanza nyuma kabisa wakatupita, kisha akatupita bibi mmoja aliyevaa sketi. Jua likatukuta kwenye barabara kubwa pasipo na mti hata mmoja. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sasa nakuambia wewe.

Dada, sikuwepo Mama alipofariki.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuambia aliita jina lako. Hakuita. Sijui kama aliita mtu yeyote, kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia.

Ratiba ya siku ile ilikuwa kilomita sita. Gemma na Mzee walifika sita wakasimama. Mimi nilikuwa najisikia vizuri, upepo ulikuwa mwepesi, nikasema naongeza mbili. Zilikuwa mbili za raha tupu. Nilipokuwa narudi nilipita kwa mwoka mikate nikasubiri itoke tanurini, ile midogo laini aliyokuwa anaipenda. Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na robo. Alikuwa amekaa mezani jikoni, uso juu ya mkono, kama anayesinzia. Kahawa yake ilikuwa bado na joto, Dada. Nilitia kidole.

Nilijua papo hapo. Na sikupiga kelele. Niliweka mikate mezani. Nikaenda kunawa miguu bombani. Nikarudi, nikasimama karibu yake, nikala mkate mmoja. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Ilikuwa bado ya moto. Ndipo nikaenda kumgongea jirani. Daktari alisema moyo ulisimama kiasi cha nusu saa kabla sijafika. Nusu saa kabla ndipo nilipokuwa kwenye hizo mbili.

Uliponipigia usiku ule ulikuwa unalia kiasi kwamba sikusikia maneno, nilisikia tu "alisema nini, alisema nini." Nikakupa jina lako. Lilikuwa karibu mdomoni. Tangu hapo umeniomba nikusimulie tena na tena, na kila mara nimelisimulia vizuri zaidi. Safari ya pili niliongeza kwamba alitabasamu. Siku ya arobaini niliongeza kwamba alisema "mwambie asijali." Nilikuwa nasikia sauti yangu ikiyasema, nami nasubiri ione haya. Haikuona.

Unalotaka kujua kwa kweli ni hili. Alfajiri ile nilipokuwa nafunga viatu alikuja kufunga mlango nyuma yangu, na aliniambia, "Ukirudi lete mikate, na usilete ile migumu ya jana." Hayo ndiyo maneno ya mwisho. Jina lako alilitaja Jumanne, siku mbili kabla. Alisema birika ulilomtumia linapiga kelele kama jogoo mwenye mafua, na kwamba ungeuliza kwanza kabla ya kununua. Akachemshia maji mara mbili tena siku hiyohiyo.

Mzee Teban alisikiliza yote akichechemea. Nilitazamia ataniambia nisijilaumu. Watu husema hivyo.

"Ulikula mingapi?" akauliza.

"Mitatu."

"Na siagi?"

"Bila siagi."

Tukatembea kidogo.

"Mimi mke wangu alipokata roho, kwenye runinga kulikuwa na ngumi. Raundi ya saba. Nilikaa nikaangalia mpaka ya kumi na mbili, ndipo nikamwita mwanangu."

"Nani alishinda?"

"Sikumbuki. Mpaka leo sikumbuki." Alijifuta uso kwa fulana. "Adelfa anajua?"

"Hapana."

"Mwambie. Haya, tukaze mwendo, wale jamaa wameanza kuokota koni za barabarani."

Tulifika wa mwisho kabisa. Saa kubwa ilikuwa imeshashushwa na ule mlango wa mpira wa kumalizia umetolewa upepo, umelala barabarani kama nyangumi aliyekufa. Tukaukanyaga tukapita juu yake. Gemma alikuwa peke yake pale chini ya mwavuli, medali shingoni, anapiga kelele kama uwanja mzima. "Wamekuja! Maharusi wamekuja! Nimewangoja mpaka nimebadilika rangi!" Medali zilikuwa zimekwisha. Msichana wa waandaaji alituandikia majina kwenye daftari na kutupa ndizi mbili. Mzee Teban alikaa ukingoni mwa barabara akamenya ya kwake taratibu. Nikamshikia ganda.

Ungetaka nikuambie nililia hapo. Sikulia. Nilivua viatu, nikaona soksi ya kushoto ina damu, nikaona kwamba inauma. Inauma kweli, Dada. Nilikaa nayo hivyo, inauma, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nilijua mguu ni wangu. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo.

Jumatatu sikuamka kukimbia. Jumanne pia. Jumatano Gemma alikuja kupiga dirisha kwa kijiti na kusema kama nimekufa niseme. Nikatoka. Tulikimbia tatu tu, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na Mzee alitusindikiza kwa baiskeli akitukosoa.

Sasa kuhusu jiwe la kaburi. Ulinitumia ujumbe wiki iliyopita kwamba chini ya jina la Mama unataka yachongwe maneno yake ya mwisho, lile jina lako na "asijali." Ulisema umeshawasimulia wenzako wote wa kanisani huko, na kwamba ndiyo yanayokupandisha zile ngazi kila asubuhi. Nilisoma ujumbe huo dukani nikiwa napima nyaya, nikakata waya mfupi.

Ijumaa nilikwenda kwa mchongaji. Nimemwambia achonge jina lake na tarehe mbili, basi, na chini aache nafasi wazi. Aliniuliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja. Hiyo nafasi ni yako, utasema mwenyewe iwekwe nini, au isiwekwe kitu.

Ningekupigia, ila kwenye simu ningesikia pumzi yako nami ningekudanganya tena, najijua. Kwa hiyo barua hii nampa Auring, aliyekuja huku likizo na anayerudi huko kesho kwa ndege ya asubuhi. Nimemwomba asikupe mlangoni, akupe ukiwa umekaa.

Ukikasirika, kasirika. Usipotaka kusikia sauti yangu mpaka Krismasi, nitaelewa, na Dodong atakuwa anakupa habari za nyumbani. Lakini Julai uje kama ulivyopanga. Ukiona huwezi kulala nyumba moja nami, Shangazi Pacing ameshatandika kitanda cha chumba cha mbele. Sikumwambia kwa nini, nimesema tu kuna hewa zaidi.

Dodong na mkewe wanakusalimu sana, na mtoto mwenye meno mawili. Shangazi Pacing anasema usimsahau kwa yale mafuta ya mgongo. Gemma anakutumia samaki wakavu ndani ya mfuko wa Auring, wafunge vizuri yule bibi asisikie harufu. Mzee Teban hakuniambia nikusalimu, lakini nakusalimu kwa niaba yake. Mshukuru Auring kwa mzigo, na unisalimie huyo bibi yako pia.

Mungu akulinde kwenye ngazi hizo, kupanda na kushuka, na akupe usingizi hata baada ya kusoma haya.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ujibu usijibu,

Merlinda