Nani Atamshika Jogoo, Baba?

Baba,

Ni mimi, Atieno wako, yule uliyezoea kumwambia afunge mdomo kidogo wageni wakija. Nakuandikia nikiwa dukani kwangu Kondele. Gauni la mteja liko hapa mezani, halijakatwa, kwa sababu nimeweka mkasi chini nikachukua kalamu. Naogopa, Baba. Afadhali ujue mapema kwamba hii si barua ya habari njema.

Ni miezi minane tangu tukuzike, na sasa watu wa serikali wanataka kujenga mtambo wa nyuklia kwetu ufuoni. Ndiyo, ule wa kutoa stima. Wenyewe wanasema bado wanachunguza tu, hakuna kilichoamuliwa. Lakini wiki tatu zilizopita vijana waliovaa makoti ya kung'aa walikuja na chombo chao cha miguu mitatu, wakapima kuanzia majini mpaka kwetu, wakapaka rangi nyekundu kwenye jiwe lililo karibu na miguu yako. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia. Mmoja alivua kofia alipouona msalaba. Kisha akafungua fomu na kumuuliza Mama kuna makaburi mangapi hapa bomani.

Nikajibu mimi, haraka, "Ni moja tu."

Mama akasema, "Andika mawili."

Kijana akaangaza macho huku na huku. Mama akamwonyesha pale kushoto mwa nyumba, penye nyasi tupu, mahali ambapo kwetu mke hulazwa. "Hapo ni yangu. Andika." Kijana akanitazama mimi, nami nikatazama chini. Sijui mwishowe aliandika nini.

Unakumbuka tulivyofika kwenye boma hili? Mimi nakumbuka mpaka harufu ya tope. Ziwa lilikuwa limepanda, nyumba yetu ya chini imebaki paa tu, magugu maji yanaingilia dirishani, nasi tumelala darasani wiki mbili pamoja na mbuzi wa majirani. Watu walikuhimiza uhamie shamba la juu hata siku hiyohiyo. Ukakataa. Ulisema boma jipya hufunguliwa na mume mwenyewe, tena kwa utaratibu wake. Asubuhi ile ukatangulia na jogoo kwapani, Mama akafuata na moto kwenye kigae, na shoka, ambalo kwa desturi hubebwa na mwana wa kiume wa kwanza, ukanipa mimi. Shangazi alikaribia kuzimia. "Tangu lini msichana anabeba shoka?" Wewe hata hukugeuka. "Mungu alinipa huyu. Twende." Jogoo akakunyea shati, na bado ulitembea kama askofu. Nilicheka mpaka shoka likanigonga goti. Kovu ninalo.

Sasa utaelewa kwa nini Mama hali vizuri. Mjane hafungui boma, hivyo ndivyo alivyolelewa, na wewe ndiye uliyeshika jogoo.

Kwenye baraza pale uwanja wa shule alikuja mama mmoja mtaalamu kutoka Nairobi, mpole, anaongea taratibu. Alieleza kwamba mtambo ukifanya kazi hautoi moshi kama makaa ya mawe au mafuta, kwamba utakunywa maji ya ziwa ili upoe, kisha uyarudishe. Mzee mmoja akauliza yakirudi yatakuwa na joto gani, na samaki wetu, ngege, watasemaje. Mwingine akauliza takataka zake zinakaa miaka mingapi kabla hazijaacha kudhuru. Yule mama hakudanganya. Alisema, "Ni miaka mingi sana, lakini zitatunzwa vizuri." Nilihisi baridi, Baba, jua likiwa limewaka hivyo. Nani atazitunza sisi sote tukiwa tumekufa, na wajukuu wa wajukuu hawajui hata majina yetu?

Ndipo Mama akasimama. "Mimi nauliza swali moja tu. Mkinitoa hapa, nani atanishikia jogoo? Bwana yangu iko chini ya hii mchanga." Watu wa kwetu walielewa, wakainamisha vichwa. Yule mtaalamu akatabasamu kwa huruma, akasema suala la mifugo litazingatiwa.

Na mimi, mdomo wote huu, nilikaa. Ningesimama nikaeleza. Nilikaa kama nimeshonwa kwenye kiti.

Ugomvi wangu nikamwekea Akinyi. Mdogo wangu sasa ni mwalimu kamili wa sayansi, na ameukubali mtambo. Alikuja hapa dukani tukapandishiana sauti mpaka wateja wa jirani wakasogea kusikiliza. "Atieno, si sisi ndio mashahidi? Maji ilitutoa nyumbani juu dunia inachoma makaa na mafuta ovyo. Saa hii watu wanaleta kitu haitoi moshi, unakataa. Unataka ziwa ipande mpaka kwa huyo Baba?" Nikafungua mdomo nimjibu, na hapohapo stima ikapotea. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Akinyi aliitazama tu cherehani, akanitazama na mimi. Ningemzaba kofi. Kila wiki mimi ndiye wa kwanza kulaani giza. Naogopa mtambo, na naogopa ziwa likirudi.

Jumapili nikaenda nyumbani. Nikasikia kitu kinapapatika jikoni. Mama, aliyeapa mbele ya chifu kwamba hatoki, amefunga jogoo mchanga kwenye mguu wa meza. Nikamuuliza kama ni wa kuchinja. Akamfungua kamba, akaniambia nimchukue. Nikamshika vibaya, akanikwaruza. "Si hivyo, nyathina, mtoto wangu. Shika chini ya mabawa. Baba yako alishika hivi." Akanirekebisha mikono, kidole kimoja kimoja, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale jikoni, kwa sababu nilielewa kwamba anajiandaa kuhama.

Baba, baraza lingine liko mwezi ujao. Nakuahidi nitasimama. Nitawaeleza jogoo ni nini, na nitawauliza tena kuhusu zile takataka na maji ya moto, na wakinijibu vizuri nitasikiliza, maana Akinyi naye si mjinga. Huenda wasije kabisa. Huenda ziwa likatangulia.

Lakini ikibidi twende, kwa lolote lile, jembe halitagusa udongo wako kabla sijakuita kwa jina na kukuambia unapelekwa wapi. Moto atabeba Mama. Shoka nitampa Akinyi, na Shangazi azimie akitaka. Jogoo nitamshika mimi, chini ya mabawa, hata akininyea. Wewe utatangulia kama siku ile, ila safari hii utakuwa umebebwa, nami nitakuja nyuma yako.

Lala, Baba. Kwa sasa, lala.

Mwanao,
Atieno