Mayai ya Bwana Afya

Gungu,
Kigoma.
12 Desemba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Alphonce,

Marahaba. Najua umeshaniamkia moyoni kabla hata ya kufungua bahasha, maana adabu hiyo Mama alitufundisha kwa fimbo ya mpera. Hujambo lakini? Kile kifua cha vumbi la korosho kimepona? Na chakula, unapika sasa, au bado unaishi kwa chapati na chai kama mwanafunzi? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri. Matope ya njia ya kwetu unayajua, bodaboda wanatushusha kule juu barabarani na kutuachia kazi ya kushuka na viatu mkononi.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi za simu. Kwenye simu unanikimbia. Nikitaja neno Mama tu, mtandao wa Mtwara unakatika. Karatasi haikatiki, mdogo wangu. Nimempa Feliksi wa mama mdogo, anayekuja huko na dagaa zake, na nimemwagiza asiondoke kwako mpaka aone umeifungua.

Kaburi la wifi yangu Dainess na kichanga chake tulilisafisha Siku ya Marehemu Wote. Msalaba tumeupaka rangi upya na binti yangu Winfrida amepanda maua pembeni. Mwaka unakaribia kutimia, lakini nikikuta migebuka mizuri sokoni bado nataka kumnunulia na yeye. Nimemkumbuka sana mwezi huu, na utaona kwa nini.

Jambo lililonikalisha kitako kuandika linamhusu Bwana Afya. Tafadhali usiikunje barua hapa. Wewe ulisikia kipande tu, tena kwa simu, na nataka uyapate yote.

Unakumbuka Dainess alivyomleta nyumbani, kinyonga mdogo kama kidole, baada ya kumnyang'anya kwa watoto waliokuwa wakimpiga mawe kule Rusimbi. Wewe ukampa jina hilo kwa sababu alimaliza nzi wote wa jikoni kuliko bwana afya yeyote aliyewahi kukanyaga mtaa huu. Wageni walikuwa wanaishia mlangoni. Mama mwenyewe, aliyelelewa kumwogopa kinyonga tangu akiwa msichana, alikuwa anapita chini ya ule mpera alikokaa macho chini, mkono kifuani. Lakini alivumilia, kwa kuwa alimpenda mkwewe. Na wewe ulipoondoka baada ya msiba, ukatuachia Bwana Afya kama mtu anavyoacha mtoto, Mama ndiye aliyesema, "Nenda salama, tutamtunza." Mimi nilikuwepo nikamsikia.

Mwezi wa nne, mvua za mwisho, Bwana Afya alibadilika. Alikuwa mweusi mchana kutwa, tumbo limemjaa mabonge, panzi hataki hata wa kulishwa. Tulidhani anaumwa. Mimi nilidhani ni majonzi, maana hata sisi hatukuwa tunakula vizuri siku zile. Kisha akashuka kwenye mpera. Unajua kinyonga hashuki chini hivi hivi. Akaenda mpaka kwenye kitalu cha Mama nyuma ya jiko, akaingia kwenye kiriba kimoja kikubwa ambacho mche wake wa mchikichi ulikuwa umekufa, akaanza kuchimba. Mimi nilikuwa sokoni. Mama alipotoka jikoni alimkuta ameshamaliza kuchimba, anafukia. Anafukia, halafu anakanyaga udongo kwa miguu yake ile, taratibu, huku na huku, kama wanaume wanavyofanya makaburini.

Mdogo wangu, jiweke mahali pa Mama. Nyumba imetoka kuzika watu wawili kwa mpigo. Wakubwa wa kwao walimwambia tangu zamani kwamba kinyonga akichimba uani kwako anapima kaburi la mtu wa nyumba hiyo. Akajiuliza ni la nani. Mimi na mume wangu tupo, Winfrida yupo, yeye mwenyewe yupo. Wa nyumba hiyo aliye mbali, asiyeonekana, ni mmoja tu. Akatoa ugoro wake kiunoni, akautia kwenye ncha ya kijiti, akampa mdomoni. Ndivyo walivyofundishwa kumwua pasipo kumgusa. Niliporudi nilimkuta Bwana Afya amelala kwenye nyasi, amekuwa mweupe kabisa, na Mama amesimama kando, kijiti bado mkononi.

Halafu akakupigia simu, kwa furaha, eti akwambie kwamba amekukinga. Ulilomjibu unalijua. Ulimwambia, "Mama, umemzika Dainess mara ya pili," ukakata. Tangu siku hiyo hupokei simu yake.

Sikulaumu. Hata mimi nilimnunia, siku kadhaa sikula naye chakula. Ulikuwa umebakiwa na kitu kimoja cha mkeo chenye uhai, na kikaondoka kwa mkono wa mama yako. Hilo si dogo, na sitaki kulifanya dogo. Lakini kuna jambo ambalo wewe na mimi na Mama hatukulijua, na ninasikitika kwamba limejulikana baada ya maji kumwagika.

Mwezi uliopita, mvua zilipoanza, Mama alikuwa anamwaga udongo wa viriba vilivyokufa ili autumie kwa miche mipya. Akafika kwenye kile kikubwa. Akakipasua kwa kisu, akasambaza udongo kwa kiganja. Nikasikia ananiita, "Mwana wanje, mwanangu, njoo! Njoo uone!" Nilidhani ameng'atwa na nyoka. Nikamkuta amepiga magoti, mbele yake kuna mayai meupe, laini, ukubwa wa punje ya harage, mengi. Mawili yalikuwa yamepasuliwa na kisu. Ndani yake, Alphonce, mlikuwa na vinyonga. Wamekamilika. Vidole, mkia uliojikunja, na macho yale yale.

Mama aliviangalia kimoja kimoja. Halafu akasema, "Marcelina, hili halikuwa kaburi." Akarudia tena. Kisha akasema neno ambalo bado linaniuma: "Mimi niliyezaa watoto sita, nimemwua mzazi siku ya kujifungua." Akalia. Tangu tumzike baba sikuwahi kumwona akilia vile, na kwenye msiba wa Dainess hakulia hivyo, maana siku ile alijikaza kwa ajili yako.

Ndiyo, mdogo wangu. Bwana Afya alikuwa mwanamke. Ubishi wenu wa kila jioni ameushinda marehemu. Si unakumbuka alivyokuwa anakwambia, "Hili ni jike, nyie wanaume mnadhani kila mwenye kazi ni dume"? Tulicheka wote. Laiti tungemsikiliza. Nyumba imejaa wanawake, na hakuna hata mmoja aliyetazama tumbo lile akaitambua mimba. Usilolijua ni usiku wa giza, ndivyo wanavyosema, na sisi tulitembea gizani humo mchana kweupe.

Nilimwita Mwalimu Gasper wa jirani, yule anayefundisha baiolojia. Kwanza sikuelewa mayai yamepataje uhai wakati alikuwa peke yake siku zote. Mwalimu akasema jike la kinyonga huweza kukutana na dume mara moja, akaitunza ile mbegu mwilini kwa miezi mpaka aone wakati unafaa. Tukahesabu, tukarudi nyuma mpaka kwenye zile wiki za Krismasi, Dainess amelazwa, sote tunashinda hospitali, na Bwana Afya ameachwa kwenye mpera bila mwangalizi. Kumbe wakati sisi tunapoteza, huku nyumbani kulikuwa kunatungwa kitu. Sijui niseme ni faraja au ni uchungu zaidi. Mimi nimeyaona yote mawili.

Mwalimu alitwambia tuyarudishe udongoni vilevile yalivyolala, tusiyageuze. Mama hakukubali mtu mwingine ayaguse. Mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa haiwezi hata kumnyooshea kinyonga kidole, ndiyo iliyoyapanga moja moja. Akaweka chandarua kuukuu juu kwa ajili ya kuku, na kigoda chake pembeni. Winfrida akawa anamtania kwamba bibi anaatamia. Hakukasirika.

Wiki iliyopita wameanguliwa. Si yote, mengi yaliharibika, lakini waliotoka ni wengi kuliko tulivyotumaini, wadogo sana, wa kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Mwalimu alisema tusiwafungie, watajitafutia wenyewe. Baadhi wameshapotelea kwenye ua wa jirani. Wengine wako kwenye mpera. Mmoja amechagua tawi la upande wa dirisha lenu na hatoki hapo. Mama anatandaza maganda ya ndizi mbivu chini ya mti ili vinzi vidogo vije, na wale wadogo wapate kula. Fikiria, Mama yetu, aliyetuchapa kwa sababu ya nzi, leo anawafuga.

Lakini usidhani amepona. Chakula anakigusa tu. Akiwatazama wale wadogo anatabasamu kidogo, kisha anasema, "Mama yao ningempa maji tu, si ugoro," na anaingia ndani. Amezeeka mwaka huu, Alphonce. Ukimwona utashtuka.

Siwezi kukuamuru umsamehe, na hata yeye hajaniomba nikuombe. Ila nataka ujue kwamba mkono ule haukuwa na chuki. Alikuona wewe ndani ya lile shimo, akaogopa kama mama anavyoogopa. Alikosea, nasi tumebaki na majuto, lakini kosa lenyewe lilikuwa ni kukupenda.

Ninachotaka kwako ni kidogo. Simu yake anaichaji kwa Mwalimu kila asubuhi, anaifunga kwenye pindo la kitenge. Ikilia, anaitoa haraka, anatazama, anairudisha. Mpigie. Kama moyo bado mzito, usitaje kinyonga, usitaje lolote. Mwamkie tu. Tangu mwezi wa nne hajaisikia shikamoo yako.

Shemeji yako Oswald anakusalimu na anasema nyavu zako bado ziko darini, panya hawajazigusa. Winfrida anakusalimu, amemaliza kidato cha pili. Mwalimu Gasper anakusalimu, na wanajumuiya wote. Mungu akutangulie kazini, akulinde na vifua na upweke, na akukumbushe njia ya Kigoma.

Nilimwuliza Mama niandike salamu gani zake. Akakunjakunja pindo la kitenge chake. Kisha akasema, "Zangu usiandike. Akiniamkia, nitaitikia mwenyewe."

Dada yako akupendaye siku zote,

Marcelina