Gari la Mzee Linanuka Mnazi

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Safari: huwa nanusa gari la watu hawa. Wakitoka nalo na kurudi, nasubiri waingie ndani, halafu napita kama naenda kuanua nguo na kuingiza kichwa dirishani. Nanusa makoti yao pia. Nasimama nyuma ya milango. Wewe ndiye uliyenifundisha, hata kama hukukusudia. Ulikuwa hununui nazi hata moja kabla hujaitikisa sikioni, usikie kama ina maji. Mimi tangu uondoke natikisa kila kitu.

Tumetoka kwenye makao ya watoto kule Likoni. Sasa tuko Changamwe, kwa Mzee Mutiso na mkewe Anti Rhoda. Ni watu wa bara, na Mzee ni mzee wa kanisa kweli, si wa umri tu. Walituchukua kwanza watulee kwa muda, na sasa wanataka tuwe watoto wao kabisa, kisheria. Mahakamani wanaita kuasiliwa. Safari hana shida. Anamwita Anti "Mami" huku akinyoosha mdomo apewe mandazi ya pili. Mimi bado namwita Anti.

Afisa wa watoto aliniambia kwamba kwa umri wangu jaji hawezi kupitisha jambo hili bila kuniuliza mwenyewe kama nakubali. Ni Alhamisi hii. Nikamuuliza, nikikataa, Safari je? Akasema, "Tutaona." Mama, nimekaa na hiyo "tutaona" kama mwiba wa samaki kooni. Nikikubali na watu hawa wakawa wabaya, nitakuwa nimemtia mdogo wangu mdomoni mwao. Nikikataa, pengine wamchukue yeye peke yake.

Na nilikuwa nataka kukataa. Acha nikueleze kwa nini.

Ilianza na maswali. Anti alikuwa jikoni anachambua mchicha, huku ananichimba. Mjomba wako Katana anaishi wapi hasa? Anafanya kazi gani? Anapenda nini? Kwenu mkubwa sasa ni nani? Nikamjibu: Mwakirunge, anavunja mawe kwenye machimbo, sijui, ni yeye. Moyoni nikasema, huyu anatafuta pa kuturudisha. Tangu matanga yako Mjomba hajaja kutuona hata siku moja. Mtu wa namna hiyo unamtafutia nini, kama si kumrudishia mzigo wake?

Jumamosi moja wakavaa. Anti kitenge chake cha kwaya, Mzee koti. Kyalo naye, mpwa wa Mzee anayekaa hapa na kumwendesha kwa sababu macho ya Mzee yamechoka, alipiga shati pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. "Tunaenda kuona mtu," Anti akasema. Mtu gani, hakusema. Waliporudi waliingia ndani moja kwa moja, kama waliotoka hospitali. Nikaenda kuanua nguo.

Gari lilinuka mnazi.

Si kwa mbali. Ilikuwa harufu ile ile ya pombe ya kugema, ya nyuma ya nyumba ya babu, tamu na chachu, imeingia mpaka kwenye viti. Kwenye gari la mtu ambaye kwenye mkutano wa vijana akianza kusema juu ya pombe tunakosa chakula cha mchana. Na nikuambie ukweli, nilifurahi kidogo. Nilijiambia, nimewapata, hii nazi haina maji.

Halafu siku ya sokoni Anti akanichukua Kongowea. Sidi, binti wa Mjomba, ndiye anayeuza nazi mahali pako siku hizi. Anapanga nazi vibaya, utamsamehe. Anti alipobaki akibishania nyanya, Sidi akanivuta nyuma ya marundo.

"Haya, bibi harusi. Hata kutualika?"

"Bibi harusi wa nani?"

"Usijitie hujui. Wamekuja nyumbani na mtungi wa plastiki umejaa mnazi, na leso doti nzima za mama, na bwana harusi mwenyewe na shati lake. Amekaa pembeni anatazama viatu, hasemi neno. Yule mzee akaomba dua, akaomba, nikadhani tutafia pale. Alipomaliza akasema, tumekuja kwa ajili ya Kadzo."

Wewe unajua kwetu hiyo maana yake ni nini. Nawe uliposwa hivyo hivyo: wazee, mnazi, leso, na kijana aliyefundishwa kunyamaza. Sidi akasema babake hakuuonja. Alisimama, akawaambia mtoto wa dada yake ni wa shule, wabebe mnazi wao, na hakuwapa nafasi ya neno la pili.

Nilirudi nimebeba kikapu sihisi uzito wake. Kila kitu kikajipanga. Viatu vipya. Chumba changu peke yangu. Kyalo kuniuliza mezani niko kidato gani. Watu wa kanisani wanaotushika vichwa na kusema "watoto wa baraka", kumbe labda wote wanajua. Nikaacha kula na Kyalo meza moja. Nikawa naegemeza kiti mlangoni. Anti akiniuliza kama naumwa, nasema hapana. Jibu la kumpa jaji nikalikariri kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza naweza kukataa bila kulia.

Jana tulikuwa tumetoka kanisani tu, Anti hata kilemba hajavua, tukasikia geti linagongwa kama linavunjwa. Ni Mjomba. Amevaa lile shati la matanga yako. Sidi alikuwa amemwambia nilivyobadilika uso pale sokoni.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa dada yangu," akasema.

"Bwana asifiwe," Mzee akamjibu. "Karibu kiti."

"Sikai. Huyo kijana wenu mtafutieni mke kwenu."

Kyalo alikuwa na ndizi mdomoni. "Nani, mimi? Mimi nina mchumba Machakos, na simu zake hazinipi nafasi ya kulala. Muulizeni Safari."

"Kweli," Safari akasema. "Anamwita Asali."

Kisha Anti akashika kichwa, na mambo yakaanza kutoka pole pole. Kuna mzee mmoja kanisani, Mgiriama kama sisi, ndiye aliyewaambia kwamba kwetu neno zito halipelekwi mikono mitupu, wabebe mnazi. Hakuwauliza ni neno gani. Leso Anti aliziongeza mwenyewe, kwa adabu. Kyalo aliingia ndani kwa sababu garini kulikuwa na jua. Walichotaka kumwomba Mjomba ni aje Alhamisi asimame nasi mahakamani, tusitolewe kama vitu visivyo na mwenyewe.

"Tuliona si vizuri kuchukua watoto wa watu nyuma ya watu," Mzee akasema. "Na huo mnazi, ndugu yangu, niliupakata kama mtoto mchanga, na wakati wa kurudi barabara ya kwako ikaumwaga nusu. Mpaka leo nikiingia garini naona haya mbele za Mungu."

Mjomba akafunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Anacheka kama wewe, Mama, bila sauti.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimesimama karibu na mlango, nikajisikia nikiuliza, "Kwa nini hamkuniambia?"

Anti akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha bara, "Mimi nakuogopa, Kadzo. Unanitazama kama polisi wa barabarani. Nikasema, akisikia tumeenda kwa mjomba wake, atafikiri tunamrudisha."

Ndivyo nilivyofikiri. Sikumwambia. Akaendelea kusema kwamba geti huliangalia tena hata baada ya Kyalo kulifunga, kwa hofu kwamba nitamshika Safari mkono tuondoke. Kumbe siku zote hizi tulikuwa wawili nyuma ya milango.

Mjomba akakaa, akanywa chai. Alipokuwa anaondoka aliniita getini, akawa anachokonoa kutu kwa ukucha. Akasema, "Sikuja kule kwenye makao kwa sababu ningekuja, mngeniuliza tunaenda lini nyumbani." Akasema Alhamisi atakuja. Sijui kama nimemsamehe. Lakini kuna mtu alisimama nyumbani kwake akakataa mnazi kwa ajili yangu, nami sikuwepo hata kumwona. Hilo nalirudia kichwani mara nyingi.

Usidhani nimetulia. Asubuhi nimelinusa gari tena. Kyalo ameliosha kwa sabuni, lakini chini ya sabuni mnazi upo, na nimecheka peke yangu kama mwehu. Bado najiuliza kwa nini sisi, na si watoto wengine. Bado nitatikisa. Nadhani na Anti atazidi kuliangalia geti. Labda ndivyo tutakavyoanza.

Wameniuliza kuhusu jina. Nimesema Kadzo libaki, na lako lifuate, halafu la kwao liwe mwisho. Mzee akasema sawa kabla sijamaliza.

Nakuahidi Safari hatakusahau. Kila nikikuna nazi nitamweleza ulivyokuwa ukiitikisa. Na nakuahidi Alhamisi jaji akiniuliza nitamjibu kwa Kiswahili. Nitalia, najua. Lakini nitajibu, na Mjomba atasikia.

Pumzika, Mama. Ni mimi mwanao, Kadzo.

Nasikia kandambili za Anti zinakuja huku. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa tayari chini ya kitabu cha hesabu. Mkono wangu umeshaifunika. Amesimama mlangoni, anabisha hodi kwanza, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Nimeuondoa mkono.